Kubrandi mtaa na kuweka vibao Dar: maswali tunayoulizwa kila siku

Haya ni maswali ambayo wenyeviti wa mitaa, kamati za vijana, wenye maduka na madizaina wanaoanza huwa wanatuuliza kabla hata hatujakaa vizuri. Majibu ni ya Dar es Salaam, manake ndo jiji tunalolifanyia kazi na tunalolijua mpaka vichochoroni, ila ukiwa Tanga au Mwanza mengi yatakufaa, utabadilisha tu majina na ofisi za kwenda.

Kubrandi mtaa si ni kutengeneza logo tu?

Hapana, na hapa ndo pesa nyingi zinapotea. Logo inakuja mwisho, tena kuna mitaa haihitaji logo kabisa. Kazi yenyewe ni kumfanya mtu ambaye hajawahi kukanyaga hapo ashuke kwenye gari na ajue ameshuka wapi, mtaa unaanzia wapi unaishia wapi, zahanati iko upande gani, ofisi ya serikali ya mtaa anaifikaje bila kusimamisha kila anayepita, na mkazi wa hapo akikiona kile kibao ajue ni cha kwao, sio kitu kimeletwa na mradi kikaachwa. Kwa hiyo tukisema brandi tunamaanisha jina, jinsi jina linavyoandikwa, rangi, alama na vibao vyenyewe pale vilipochimbiwa. Mtaa ambao jina lake linaandikwa vilevile kila sehemu, kwa fonti moja na rangi moja, tayari una brandi hata kama haujawahi kumlipa dizaina yeyote.

Sawa, mnaanzia wapi?

Kwa konda. Kila konda wa Dar ana majina kichwani ambayo hakuna ofisi iliyoyapanga: Sinza kwa Remmy, Magomeni Mapipa, Mbagala Rangi Tatu, Tabata Dampo, Manzese Tip Top, Kimara Baruti, Kinondoni Mkwajuni, Ubungo Maziwa. Watu walitaja kitu walichokuwa wanakiona pale, mti, kiwanda, baa, nyumba ya mtu anayejulikana, na jina likashika (kwa Remmy ni Remmy Ongala mwanamuziki, alifariki 2010 na kituo bado ni chake). Siku ya kwanza hatufungui kompyuta, tunakaa kituoni tunasikiliza konda anaita nini na abiria wanasema "shusha" wapi.

Afu tunaenda kijiwe cha bodaboda. Mpe jamaa kijiti mwambie akuchoree mtaa pale chini kwenye mchanga, uone anavyofanya. Hataanza na kaskazini juu kama ramani ya shule, ataanza na kijiwe chake, atachora barabara kubwa mstari mmoja mrefu, halafu ataweka transfoma, msikiti, bucha, ule mwembe, ghorofa lililoishia njiani, na njia ya mkato ambayo haipo kwenye ramani yoyote. Majina ya barabara hatayaandika hata moja. Rudia na mama ntilie, rudia na watoto wanaotoka shule, rudia na mzee aliyejenga pale zamani, halafu linganisha. Vitu vinavyojirudia kwenye michoro yote ndo mifupa ya vibao vyenu, na sehemu ambayo kila mtu anachora tofauti ndo sehemu wageni wanapopotea, hapo pawekwe kibao kabla ya sehemu nyingine yoyote.

Tuandike jina la serikali au lile watu wanalolitumia?

Yote mawili, ila kwa mpangilio, na hili ndo jambo tunalolisimamia kuliko yote.

Angalia pale Tazara. Flaiova ilifunguliwa 2018 na ina jina rasmi la Mfugale, jina la heshima kabisa, ila ukipanda gari la Gongo la Mboto ukasema "shusha Mfugale" utaangaliwa tu. Magomeni kota za zamani zilivunjwa, yakajengwa maghorofa yakafunguliwa 2022, watu bado wanasema Magomeni Kota na wataendelea kusema. Mwendokasi nao ulipoanza 2016 vituo vya barabara ya Morogoro viliandikwa majina yaleyale ya konda, Bucha, Baruti, Tip Top, Argentina, Kagera, Mwembechai, Usalama, Mapipa, na mimi naona huo ndo uamuzi bora kabisa wa dizaini kwenye ule mradi hata kama hakuna anayeuita dizaini, kwa sababu abiria siku ya kwanza alijua pa kushuka.

Upande wa pili kuna anwani za makazi. Ile operesheni ya 2022, kabla ya sensa ya Agosti, ilizipa barabara majina na nyumba namba, na kuna programu ya NaPA ya kwenye simu inayokupeleka hadi mlangoni. Hiyo ni kazi ya maana sana, gari la zimamoto au la wagonjwa haliwezi kutegemea "ukifika kwa mangi kata kushoto". Kwa hiyo tunafanya hivi: kibao cha kuingilia mtaa kinabeba jina la watu, kubwa, na nguzo ya kona inabeba jina rasmi la barabara na namba za nyumba, kisha kwenye ile nguzo chini kidogo tunaandika jina la watu kwa herufi ndogo ili mgeni aunganishe mwenyewe. Baada ya muda haya majina mawili yanazoeana.

Tunachokataa ni jina la tatu. Kuna kamati zinakuja na jina jipya la kupendeza, lenye "siti" au "gadeni" ndani yake, wanasema litavutia wawekezaji. Huo mtaa utakuwa na jina la serikali, jina la konda na jina la bango, na mgonjwa anayetafuta zahanati ndo atalipia huo mkanganyiko.

Je tukitaka kubadilisha jina kabisa?

Hiyo sio kazi ya dizaina. Inaanzia mkutano wa wananchi wa mtaa, inapanda kata, inaenda halmashauri. Mkimaliza njooni na muhtasari tutaandika lolote mlilokubaliana.

Rangi tunachaguaje? Vijana wetu wameshachagua kijani na njano.

Hapana, kwa kweli msifanye hivyo, na najua kwa nini imetokea. Tanzania rangi hazina uhuru kama zinavyoonekana kwenye kompyuta. Kijani na njano ni Yanga, na ni CCM pia. Nyekundu na nyeupe ni Simba. Zambarau watu wataona ACT, na bluu na nyekundu zikikaa pamoja na nyeupe kuna mtu atakwambia hii ni CHADEMA. Ukiweka rangi ya upande mmoja kwenye kibao cha mtaa umeshawaambia nusu ya wakazi kwamba kibao sio chao, na mwaka wa uchaguzi kitapakwa matope au kitabandikwa posta mpaka kisisomeke.

Kariakoo ndo mtihani mkubwa zaidi, manake klabu zote mbili ziko hapohapo, Yanga makutano ya Twiga na Jangwani, Simba mtaa wa Msimbazi, unatembea kwa miguu kutoka kwa huyu mpaka kwa yule. Kibao cha Kariakoo nzima hakiwezi kuwa chekundu na hakiwezi kuwa kijani, hakuna mjadala hapo. Ukichukua rangi ya zege la soko lenyewe, kijivu chenye joto kidogo, ukaweka herufi za bluu iliyokolea sana karibu na nyeusi, unapata kitu ambacho hakimkasirishi mtu.

Jambo lingine ni daladala. Zile mistari za rangi ubavuni zinaonyesha njia gari inakokwenda, watu wameshazoea kusoma rangi ubavuni mwa gari hata kabla hawajasoma maandishi. Ukitumia rangi ya njia ya Mbagala kwenye kibao cha Mwenge unawachanganya watu ambao wako na haraka asubuhi. Na nyekundu ya duara au ya pembetatu muiachie alama za barabarani, dereva akiiona lazima ajue ni onyo au katazo.

Rangi mbili zinatosha, moja iliyokolea na moja nyepesi. Zijaribuni saa saba mchana kwenye jua la Dar, sio ofisini. Njano juu ya nyeupe inapotea kabisa, na stika nyekundu za bei rahisi ndo zinapauka mapema kuliko rangi nyingine, utaona mabango mengi ya zamani mjini maandishi yaliyokuwa mekundu yamekuwa ya pinki halafu yameisha, imebaki bluu na nyeusi tu.

Fonti gani nzuri, na herufi ziwe kubwa kiasi gani?

Fonti ya kawaida, nene kiasi, isiyo na mikia wala mapambo. Zile za kuchezesha kama mwandiko wa kadi ya harusi hazisomeki ukiwa kwenye bodaboda.

Hesabu ya ukubwa ni rahisi: kila sentimita 2.5 ya kimo cha herufi kubwa inakupa kama mita 3 za kusoma bila shida. Kwa hiyo kibao cha mtembea kwa miguu anayesoma akiwa mita 6, herufi za sentimita 5 zinatosha, ila kibao cha kuingilia mtaa ambacho dereva anatakiwa akisome akiwa mita 30 ili apate nafasi ya kuwasha indiketa na kuhama leni, unahitaji sentimita 25, na hapo ndo watu wanashtuka kumbe bango lao lote walilokuwa wamepanga lina upana wa mita moja. Mwananyamala ina herufi 12. Haiingii kwa ukubwa huo, na suluhisho sio kuibana herufi mpaka zikonde, suluhisho ni kuongeza bati au kupunguza maneno mengine, ondoa "Karibu sana", ondoa kaulimbiu, ondoa namba ya simu ya mwenyekiti.

Andika herufi ya kwanza kubwa na zinazofuata ndogo, Kijitonyama sio KIJITONYAMA. Waingereza Jock Kinneir na Margaret Calvert walipotengeneza vibao vya barabara kuu za Uingereza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 walifanya hivyohivyo, kwa sababu neno lenye herufi zinazopanda na kushuka lina umbo lake na jicho linalikamata kabla halijamaliza kulisoma.

Halafu tafadhali, Chang'ombe na Narung'ombe zina kile kialama cha juu. Mashine ya kukatia stika wakati mwingine inakiangusha kwa sababu ni kidogo, fundi anabandika bila kuangalia, na kibao kinakaa miaka mtaani kimeandikwa Changombe. Kagua sampuli kwa jicho lako kabla haijabandikwa.

Mtaa wetu una watu wengi wasiosoma vizuri, na wageni wasiojua Kiswahili. Tufanyeje?

Tumieni alama za picha, na kwenye hili Dar ina bahati ambayo miji mingi haina.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni metro ya Mexico City. Ilifunguliwa 1969 na kila kituo kilipewa picha yake, kazi iliyoongozwa na Lance Wyman, Mmarekani. Kituo cha Chapultepec kina panzi, vingine vina mizinga ya vita ya zamani, kengele, ndege, chochote kinachohusiana na historia ya mahali au kitu kinachoonekana pale juu ukitoka. Mtu asiyesoma kabisa anaambiwa shuka kwenye panzi na anafika. Imepita zaidi ya nusu karne na picha bado zinatumika, na vituo vipya navyo vikaendelea kupewa za kwao.

Sasa rudi Dar uangalie majina yetu. Mapipa. Mkwajuni. Mikoroshini. Maziwa. Bucha. Rangi Tatu. Mwembechai. Picha zimo ndani ya majina tayari, dizaina wa Mexico alilazimika kutafuta, sisi tunachora tu. Pipa moja lililochorwa kwa mistari michache, mkwaju wenye maganda yake, miduara mitatu ya rangi tofauti kwa Mbagala, na mtoto wa miaka mitano atakuelekeza njia. Kwa Kariakoo tungechukua ile miavuli ya zege ya kwenye paa la soko, kazi ya msanifu Beda Amuli ya miaka ya 1970, soko liliungua 2021 na watu bado wanaitambua ile paa kwa mbali.

Sharti moja: picha iwe ya kitu cha pale pale. Twiga, mlima Kilimanjaro na mwenge haviambii mtu yuko Tandika au Tegeta, viko kwenye kila kitu nchi hii. Na picha ichorwe kwa unene unaoweza kukatwa kwenye bati na kupakwa kwa stensili (kile kipande kilichotobolewa umbo, unapitisha rangi juu yake), kama inahitaji kompyuta kila mara ikirudiwa basi ikiharibika haitarudiwa.

Wachoraji wa mkono bado wana nafasi au tuprinti tu?

Wana nafasi kubwa, na inaniuma kuona kamati zinawaruka. Mchoraji wa mabango aliyepo mtaani kwenu anajua jua linapiga ukuta gani, anajua rangi ya mafuta ipi inashika kwenye bati, na kibao kikikwaruzwa anakuja jioni na kopo lake anarekebisha, wakati stika ikichanika unabandua yote. Jiji hili ndo lilimtoa Edward Saidi Tingatinga, miaka ya 1960 mwishoni alikuwa anachora kwa rangi za kawaida za dukani juu ya ubao wa kujengea na ikawa sanaa inayojulikana dunia nzima, wachoraji wa njia yake bado wapo pale Oysterbay.

Namna tunavyogawa kazi: jina la mtaa na herufi tunampa mchoraji stensili ili kila kibao kifanane, ukuta wa shule au wa ofisi ya mtaa tunamwachia achore kwa mkono wake anavyojua. Usimpe uhuru kwenye herufi za jina, usimnyime uhuru kwenye ukuta. Na mlipeni kama fundi, sio kama kijana wa kujitolea.

Ramani kwenye kibao inasaidia?

Inasaidia stendi, sokoni na kwenye hospitali kubwa, mitaani kwa kawaida hapana. Kama mnaweka, igeuzeni ifuate mtu anapoangalia, yaani kilicho mbele yake kiwe juu ya ramani, kama walivyofanya London kwenye vibao vyao vya Legible London kuanzia 2007. Wale pia walichora miduara ya dakika za kutembea, dakika 5 na dakika 15, na hiyo watu wanaielewa haraka kuliko mita. Ila dakika za Dar pimeni kwa mama aliyebeba mtoto mgongoni saa nane mchana, sio kwa kijana.

Si kuna ramani kwenye simu, vibao vya nini tena?

Simu inaisha chaji, bando linaisha, na kutoa simu usiku kwenye kona usiyoijua sio wazo zuri. Mzee anayekuja kutoka Kilwa kumwangalia mjukuu wake Muhimbili hana lokesheni ya kutumiwa.

Tutumie material gani? Vibao vya mwanzo viliibiwa vyote.

Pole, na hamko peke yenu. Chuma na alumini vinauzwa chuma chakavu, nguzo ya kibao usiku mmoja haipo. Kwa hiyo swali la material ni la wizi na la kutu kwa pamoja, na kwa mitaa ya pwani kama Msasani, Kunduchi au Kigamboni chumvi ya hewa inafanya kutu iwe mbaya zaidi.

Kwanza, popote penye ukuta msiweke nguzo. Ukuta wa ofisi ya mtaa, wa shule, wa msikiti au kanisa waliokubali, paka rangi moja kwa moja juu ya plasta, hakuna mtu anayeiba plasta. Pili, penye kona bila ukuta, nguzo ya zege yenye maandishi yaliyochimbwa ndani ya zege lenyewe inadumu kuliko chochote, rangi ikiisha maandishi bado yanasomeka kwa kivuli na kwa vidole. Ni nzito kubeba, ni kazi kuimwaga sawa, ila mkiwa na mafundi wa matofali mtaani mnaweza kuimwagia hapohapo.

Kama lazima iwe chuma, angalia sehemu mbili tu, juu na chini. Skwea paipu ikiachwa wazi juu maji ya mvua yanaingia ndani na kukaa humo, nguzo inaoza kwa ndani na nje bado inang'aa, siku moja upepo wa kusi unailaza. Ichomelewe kifuniko juu. Chini, pale nguzo inapoingia kwenye zege, maji yanasimama na mbwa wanakojoa, kutu inaanzia hapo kila mara. Zege lipande juu ya ardhi kama upana wa kiganja na lipewe mteremko kuzunguka nguzo ili maji yakimbie, halafu rangi ya kuzuia kutu ishuke mpaka ndani ya zege, isiishie juu yake. Fundi wengi wanachimbia kwanza wanapaka baadaye kwa sababu ni rahisi, wewe simama pale uhakikishe wamepaka kwanza. Ncha ya chini ya nguzo ichomelewe kipande cha nondo cha kupita, ikishikwa na zege haizungushwi wala haing'olewi kwa mikono.

Bati la kibao toboeni matundu machache makubwa au mlikate umbo lisilo la kawaida, linakuwa halina faida kuuza na upepo unapita. Fleksi, yale mabango ya turubai ya kuprinti, ni ya sherehe ya wiki moja, msiiite kibao.

Vibali tunapata wapi?

Inategemea barabara. Barabara kuu na za mkoa ni TANROADS, barabara za mitaa ni TARURA, na halmashauri ndo mnaongea nayo kuhusu ushuru wa mabango. Mkichimbia ndani ya hifadhi ya barabara bila kibali mtapigwa X na kibao kitaondolewa, hakuna atakayejali kilikuwa kizuri. Muulizeni pia fundi wa DAWASA kabla ya kuchimba, bomba likipasuka mtaa mzima utakosa maji siku ya uzinduzi. Nguzo za TANESCO msizipigilie misumari hata kama kila mganga amefanya hivyo.

Barua iandikwe na serikali ya mtaa yenye mhuri, sio na dizaina, inaenda haraka zaidi.

Kampuni imejitolea kutuwekea vibao vyote bure, tukubali?

Sikilizeni kwanza wanataka nini. Mmeona maduka na grosari zetu, ukuta mzima rangi ya soda au ya mtandao wa simu na jina la duka limeandikwa kwenye kona kwa herufi za kubana. Hicho ndo kitatokea kwa mtaa wenu. Mtu akipita atakumbuka soda, hatakumbuka yuko Buguruni au Yombo.

Mdhamini sio adui, tunawahitaji. Ila masharti yawekwe kabla hajaleta dizaini yake: rangi za kibao ni za mtaa, jina la mdhamini linakaa chini kwenye mstari mmoja, kimo chake kisizidi robo ya kimo cha jina la mtaa, na mkataba ukiisha ule mstari unafunikwa, kibao kinabaki. Wakikataa hayo, bora mpake ukuta mmoja kwa michango yenu wenyewe. Mtaa ukishavaa rangi za kampuni kuzivua ni vigumu, kampuni ikiondoka inaacha vibao vinavyotangaza kitu kisichouzwa tena.

Vijana wanataka yale maherufi makubwa ya kupigia selfie.

Amsterdam walikuwa nayo maarufu kuliko yote, I amsterdam, nyuma ya jumba lao la makumbusho, watalii wakajaa mpaka manispaa yenyewe ikaamua kuyaondoa Desemba 2018. Mimi sina ugomvi nayo pale ufukweni au kwenye kiwanja cha wazi, watoto wanapanda, watu wanapiga picha za sikukuu, ni furaha ya kweli. Ila msianze nayo. Kama mna pesa ya kitu kimoja, zahanati ipate mshale kwanza.

Zanzibar Mji Mkongwe mnafanyaje?

Tofauti kabisa. Mji Mkongwe uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000 na kuna mamlaka yake ya kuomba ruhusa, huwezi kupigilia unachotaka. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, msumari wa chuma ukishika kutu unavimba na kupasua plasta, na saruji ukiiziba nayo inazuia ukuta kupumua. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba msomaji yuko mita mbili tu kutoka ukutani, kwa hiyo kibao kidogo kinatosha, kiwekwe kwenye kona za maamuzi, kule Sokomuhogo, Jaws Corner, Mkunazini, sio kila mlango. Na milango ile ya kuchonga msishindane nayo.

Watu wenye ulemavu tunawafikiriaje?

Msichimbie nguzo katikati ya njia ya miguu, hilo peke yake linasaidia wasioona na wanaotumia kiti cha magurudumu kuliko mambo mengi ya gharama. Kibao kinachoning'inia juu ya njia kiache mita 2.1 chini yake. Cha kusomwa kwa karibu kikae usawa ambao mtu aliyekaa anakiona. Yale maandishi ya kuchimbwa kwenye zege niliyoyataja juu, asiyeona anayasoma kwa vidole kama yako usawa wa mkono.

Inagharimu kiasi gani?

Siwezi kutaja bei bila kuona mtaa, ila gharama kubwa ni chuma, usafiri na kuchimbia, dizaini ni sehemu ndogo. Anzeni na vibao vichache kwenye zile kona wageni wanapopotea, vikae msimu mmoja wa mvua, mkiona vinasomwa na havijaibiwa ndo mtengeneze vingine.

Vikishawekwa nani anavitunza?

Andikeni hili kwenye muhtasari kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Kila kibao kipewe mtu, anayeishi au kufanya biashara karibu nacho, mwenye genge ni bora kuliko mjumbe wa kamati kwa sababu yuko pale kutwa. Anakifuta vumbi, anabandua posta za mikopo na waganga, na kikilegea anapiga simu ofisi ya mtaa. Ofisini kuwe na daftari lenye picha ya kila kibao na mahali kilipo, stensili zote za herufi na alama, kopo la rangi ya akiba lililofungwa vizuri, na bolti za ziada. Namba ya rangi iandikwe kwenye jalada la daftari, manake kopo likiisha duka litawapa bluu yoyote na vibao vitaanza kutofautiana kimoja baada ya kingine.